Kutwa mara tatu: dawa ya mtoto msimu wa korosho

Korosho zikianza kudondoka, mwezi wa tisa au wa kumi hivi, nyumba nyingi za huku kusini mwa Tanzania, Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea, hubaki mchana na bibi na mjukuu. Baba na mama wako shambani tangu alfajiri, wanaokota. Mtoto akiugua, mama humpeleka zahanati, anaelezwa dawa pale dirishani, kesho yake anaondoka na maelezo yote kichwani na chupa inabaki kwa bibi. Hapo ndipo dozi inapoanza kuharibika, na wala si kwa uzembe wa mtu. Aliyeelezwa siye atakayempa mtoto dawa.

Neno lenyewe nalo linapotosha. Utaambiwa "kijiko kimoja kutwa mara tatu", na kwenye boksi pataandikwa 5 ml x 3. Kutwa kwetu ni mchana, tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, ndiyo maana tunasema kutwa kucha. Basi bibi anampa mtoto dawa saa 1 asubuhi na uji, saa 7 mchana baada ya ugali, na saa 12 jioni kabla giza halijaingia. Mara tatu zimetimia. Lakini kutoka saa 12 jioni mpaka saa 1 asubuhi ni saa 13 ambazo mtoto hakupata dawa. Amoksilini, antibayotiki (dawa ya kuua bakteria) ambayo watoto wengi huandikiwa, haikai mwilini. Figo huitoa upesi kwa mkojo, na saa 8 baada ya kumeza, kilichobaki kwenye damu ni kidogo sana. Bakteria waliobanwa mchana wanapata usiku mzima wa kuzaliana.

Kwa hiyo x 3 isomeke "kila baada ya saa 8". Ratiba inayokaa vizuri ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ile x 2 ni kila baada ya saa 12, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Ile x 4, ambayo hutokea kwa dawa kama erithromaisini au Ampiclox, ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Mtoto akiwa amelala, mwamshe. Nusu saa mbele au nyuma haidhuru, ila saa 4 au 5 zinadhuru.

Sasa ile ya saa 8 mchana ndiyo ngumu. Kama unajua kabisa kwamba saa hiyo utakuwa shambani, na mtoto atakuwa na kaka yake wa miaka 9 au na bibi asiye na saa, liseme hilo kabla hujaondoka kwa daktari. Mwambie, "Daktari, mchana anabaki na bibi yake, je, hakuna ya mara mbili?" Si utovu wa adabu, ni taarifa anayoihitaji ili aandike dawa itakayonyweka. Mara nyingi ipo. Kwa nimonia ya kutibiwa nyumbani, mtoto wa miezi 2 mpaka miaka 5 hupewa amoksilini mara mbili kwa siku, kila dozi ikiwa kubwa zaidi, na hiyo ndiyo dozi inayofundishwa kwa watoto wa umri huo. Naona ni afadhali dozi mbili zinazoingia kweli kuliko tatu zilizoandikwa vizuri kwenye boksi huku moja ikirukwa kila siku.

Vidonge vya kuyeyusha

Kwenye vituo vingi sasa amoksilini ya watoto huja kama vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka kwenye maji. Ukiulizwa unataka vidonge au chupa, chukua vidonge. Chupa ikishachanganywa inaanza kuharibika, wakati kidonge kinakaa salama kwenye karatasi yake mpaka dakika ya kukitumia, hakihitaji friji, na hakuna mstari wa maji wa kukosea. Kwa nimonia hesabu huwa hivi, kila dozi, mara mbili kwa siku kwa siku 5: mtoto wa kilo 4 mpaka chini ya 10 hupewa kidonge 1, wa kilo 10 mpaka chini ya 14 hupewa 2, na wa kilo 14 mpaka 19 hupewa 3. Yaani jumla ni vidonge 10, 20 au 30. Ukifika nyumbani uhesabu, na vikipungua urudi siku hiyo hiyo. Ugonjwa mwingine, kama sikio au kidonda, una hesabu yake, kwa hiyo kilichoandikwa na daktari wako ndicho cha kufuata. Ninayataja haya ili ukiona tofauti kubwa uulize.

Uzito ndio unaoamua, siyo umri. Mtoto wa miaka 2 aliyedhoofu anaweza kuwa na kilo 9, na mwenzake wa umri huo huo ana 13. Mwombe muuguzi ampime siku hiyo, usitegemee kilo zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki miezi minne iliyopita.

Kuyeyusha ni hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kidonge kwenye kikombe kidogo kisafi, tia maji yaliyochemshwa yakapoa, kiasi cha ml 5 mpaka 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya kupimia dawa. Acha kwa dakika moja bila kukiponda, kisha zungusha kikombe polepole mpaka kisionekane kipande. Mnyweshe pale pale. Halafu, na hapa ndipo wengi hupasahau, tia tena maji kidogo kwenye kikombe hicho hicho, zungusha, mpe na hayo. Dawa hukwama pembeni na chini, na usiposuuza sehemu yake unaimwaga. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya tu, yeyushia kwenye maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Usiyeyushe cha jioni asubuhi.

Chupa ya unga

Ukipewa chupa, kwanza soma nguvu yake. Kuna ya miligramu 125 kwa kila ml 5 na kuna ya miligramu 250 kwa kila ml 5, na kwa nje zinaweza kufanana kama mapacha. Ya kwanza ikiisha ukaenda kununua nyingine duka la dawa muhimu, nenda na chupa tupu mkononi. Ukipewa ya 250 ukaendelea na kijiko kile kile, umemzidishia mtoto mara mbili.

Maji ya kuchanganyia yachemke mpaka yatokote sawasawa, yafunikwe na yapoe kabisa ndani ya sufuria ile ile. Kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ya mvua ya kwenye tangi ndiyo ya kunywa kwa nyumba nyingi, hili halina mjadala, kwa kuwa maji yanayoteremka kutoka kwenye bati hushuka na vumbi na kinyesi cha ndege. Ya bomba nayo yachemshwe. Maji ya moto huharibu dawa na hufanya unga ushikamane, kwa hiyo usiharakishe. Maji ya dafu hayafai kuchanganyia, wala juisi, wala soda.

Kabla ya kufungua, gonga chupa kwenye kiganja mpaka unga uliogandana chini uachane. Tia maji mpaka karibu nusu ya mstari, funga, tikisa kwa nguvu hadi uone hakuna bonge. Kisha ongeza mpaka mstarini. Hapa tulia. Povu litapanda na kukuonyesha mstari wa uongo. Iache chupa mezani dakika chache, povu lishuke, weka jicho lako sawa na mstari, si kwa kuangalia kutoka juu, na uongezee tone kwa tone mpaka maji yenyewe yafike alama. Kama chupa yako haina mstari ila ina maelezo ya "ongeza ml kadhaa", pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Tuseme chupa ni ya ml 100 na nguvu ya 125 kwa 5. Unga wote uliomo ni miligramu 2,500. Ukijaza mpaka shingoni ikawa ml 120, kila ml 5 sasa ina kama miligramu 104, na mtoto anapungukiwa kila dozi bila mtu kujua. Ukiishia ml 80, kila ml 5 ina zaidi ya 156. Ndiyo maana ni vizuri kumwomba mfamasia aichanganye yeye mbele yako. Usione haya. Ila ukichukua ikiwa imeshachanganywa, ianze kutumika siku hiyo hiyo.

Andika kwa kalamu kwenye lebo tarehe uliyochanganya. Tikisa kila mara kabla ya kupima, hata kama ulitikisa asubuhi, kwa sababu unga hutuama. Chupa isiyotikiswa hutoa maji matamu siku za kwanza na tope la dawa siku za mwisho.

Halafu piga hesabu ya kutosha. Dozi ya ml 5 mara tatu ni ml 15 kwa siku, na kwa siku 5 ni ml 75. Chupa ya ml 60 inakwisha siku ya nne. Wapo wanaodhani chupa ikiisha ndiyo dozi imeisha. Kinachoamua ni siku ulizoandikiwa, si chupa. Ukipewa chupa mbili, ya pili ibaki unga mpaka ya kwanza iishe.

Kijiko, shavu na kutapika

Kijiko cha chai cha jikoni si kipimo. Vipo vinavyobeba ml 3 na vipo vinavyobeba karibu 7, na bibi akichukua cha kukorogea sukari leo na kile kikubwa kesho, mtoto amekunywa dozi mbili tofauti. Tumia kijiko cha plastiki au kifuniko kilichokuja na chupa, au bora zaidi bomba la sindano la ml 5 au 10. Sindano yenyewe itolewe na itupwe kabla bomba halijaingia nyumbani, pamoja na kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachoweza kumkaba mtoto. Vuta dawa, pindua bomba juu, gonga ili kiputo cha hewa kipande juu, sukuma kitoke, ndipo usome mstari.

Mtoto akae, asilale chali. Mpakate, kichwa kiegemee mkono wako kikiwa juu kidogo. Ncha ya bomba ipite pembeni ya mdomo, kati ya shavu na ufizi, usiielekeze kooni. Sukuma kidogo, kama ml 1, mwache ameze, sukuma tena. Kumbana pua ili afungue mdomo, au kummiminia akiwa analia kwa nguvu, kunaweza kupeleka dawa kwenye njia ya hewa. Najua inachosha, hasa usiku, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana nguvu kuliko unavyodhani. Pumzika dakika mbili, mbembeleze, anza tena. Mtu wa pili akishika mikono yake kwa upole, kazi inakuwa nusu.

Usichanganye dawa kwenye bakuli zima la uji. Akiacha nusu ya uji, ameacha nusu ya dawa, na huwezi kujua nusu ipi. Kama ladha ndiyo tatizo, mpe dawa kwanza kisha kijiko cha uji mtamu au maji. Flajili ni chungu kweli, na kuitangulizia chakula kidogo husaidia. Asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Maziwa ya mama yaendelee kama kawaida, yasikatwe kwa sababu ya amoksilini. Ampiclox na flukloksasilini zenyewe zinataka tumbo tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, kwa hiyo uliza.

Akitapika ndani ya dakika 30 tangu ameze, mpe tena dozi nzima. Zikishapita dakika 30, usirudie. Akitapika na ile ya pili, usimpe ya tatu, mrudishe kituoni. Na ukisahau? Dozi ya saa 8 mchana ukiikumbuka saa 10 jioni, mpe mara moja. Ukiikumbuka saa 3 usiku, iache, subiri ya saa 4. Kamwe usimpe mbili kwa mpigo kufidia.

Punje 15 za mahindi

Kwa bibi ambaye hasomi, karatasi ya ratiba haisaidii. Kinachofanya kazi ni hiki. Chukua kopo, hesabu punje 15 za mahindi mbele yake, moja kwa kila dozi, tatu kwa siku kwa siku 5. Kila mtoto akimeza, bibi anatoa punje moja na kuitupia kuku. Jioni mama akirudi anahesabu, na hana haja ya kumhoji mzee kana kwamba ni mtuhumiwa. Siku ya kwanza jioni zibaki 12, ya pili 9, na kama siku ya pili zimebaki 11 unajua mbili zimeruka. (Hesabu hiyo ni ukianza asubuhi na ukikagua baada ya ile ya saa 4 usiku.) Tumia mahindi au kunde au kokoto, usitumie korosho mbichi zenye maganda, mafuta yake yanaunguza ngozi na mtoto atalichezea hilo kopo.

Kuhusu saa, wengi wana simu ndogo ya batani. Weka kengele tatu. Bibi asiye na simu ana adhana. Alasiri kwetu huja baada ya saa 9, kwa hiyo akingoja adhana hiyo amechelewa kama saa moja na zaidi, jambo linalovumilika kuliko kusahau kabisa. Alfajiri na usiku mama yupo.

Maelekezo ayapokee bibi mwenyewe. Muonyeshe dozi ya kwanza ukifanya wewe, ya pili afanye yeye ukiangalia. Mwambie kwa heshima: "Bibi, naomba tufanye pamoja mara moja, nisije nikawa nimekosea kukuelezea." Mwonyeshe mstari wa kipimo kwa kidole chake, au uuchore kwa kalamu nyeusi kwenye bomba.

Ikiwa ametoka na dawa ya mseto pia

Huku kusini malaria ipo sana, na si ajabu mtoto mmoja akapimwa akakutwa na malaria na kifua pia. Atarudi na ALu, ambayo ndiyo dawa ya mseto, na amoksilini, na labda parasetamoli. Zote tatu zina kazi tofauti. ALu inaua vimelea vya malaria, amoksilini inaua bakteria, parasetamoli inashusha homa tu. Homa ikishuka kwa parasetamoli, hakuna kilichopona bado.

Chukua mtoto wa kilo 12. ALu yake ni kidonge 1 kwa dozi. Tuseme amemeza cha kwanza saa 4 asubuhi pale kituoni. Cha pili ni saa 8 baadaye, yaani saa 12 jioni. Kuanzia kesho yake ni saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, siku mbili mfululizo, jumla vidonge 6. Amoksilini yake ya mara mbili iweke pia saa 4 asubuhi na saa 4 usiku tangu siku ya kwanza. Hapo bibi ana saa mbili tu za kukumbuka, isipokuwa ile moja ya jioni ya kwanza. ALu hufyonzwa vizuri pamoja na mafuta, kwa hiyo mpe baada ya kunyonya, au na uji uliotiwa tui la nazi, karanga au korosho zilizokaangwa na kusagwa laini. Vidonge vya ALu vikiisha siku ya tatu, amoksilini bado ina siku mbili. Zisiachwe pamoja.

Joto

Dawa iliyochanganywa haipendi dirisha lenye jua, rafu iliyo karibu na jiko, wala darini chini ya bati, ambako mwezi wa kumi na moja mkono wenyewe hauvumilii. Amoksilini ya kawaida iliyochanganywa hudumu siku 7 mpaka 14 kutegemea kiwanda na ubaridi. Fuata lebo. Bila friji, isimamishe chupa ndani ya bakuli lenye maji kina cha vidole viwili, ifunike kwa kitambaa cha pamba kilicholowa huku ncha zake zikigusa maji, weka mahali penye kivuli na upepo, mbali na mikono ya watoto. Maji yanapokauka kwenye kitambaa yanachukua joto, kama mtungi unavyofanya. Juu kule Newala hufanya kazi vizuri zaidi kuliko Mikindani au Kilwa, kwa sababu hewa ya pwani imejaa unyevu na kitambaa hakikauki upesi.

Lakini amoksilini yenye klavulaneti (kama Augmentin) ni jambo jingine. Hiyo ikishachanganywa inataka friji na inadumu siku 7 tu. Bakuli la maji halifikii ubaridi huo. Kama huna friji, sema dirishani kabla hujalipa, au ikubaliwe ikae kwenye friji ya jirani, ndani ya mfuko safi, isiwe sehemu ya kugandisha. Rangi ikibadilika kuwa ya kahawia, usimpe.

Siku ya tatu

Siku ya tatu ndiyo yenye mtego. Homa imeshuka, mtoto anacheza na kuku uani, amekula samaki, na chupa imebaki nusu. Mama anaiweka juu ya kabati "akiugua tena". Bakteria waliokufa kwanza ni wale dhaifu, na mtoto hupata nafuu kabla wote hawajaisha. Endelea mpaka siku ulizoandikiwa. Kama unaona dawa haimfai, anayeamua kuikatisha ni aliyeandika.

Siku hiyo hiyo ya tatu mrudishe kituoni akaangaliwe kama ulivyoambiwa, hata kama anaonekana mzima. Kwa kifua, hesabu pumzi mwenyewe. Mtoto ametulia au amelala, funua nguo, angalia tumbo na kifua vinavyopanda, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 12, pumzi 50 au zaidi ni nyingi. Kwa wa mwaka 1 mpaka 5, ni 40 au zaidi. Zikiwa bado juu siku ya tatu, dawa inaweza kuwa haifanyi kazi, na kazi ya kubadilisha si ya muuza duka.

Kuna hali ambazo hazingoji siku ya tatu wala kuche: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au haamki, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anakoroma akiwa macho, au anaharisha damu. Degedege ni hospitali, si mganga. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa au anayekataa kunyonya naye haanziwi dawa ya dukani hata kidogo, anakwenda hospitali. Ukiwa mbali na hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, anzia kituo kilicho karibu, usingoje gari la moja kwa moja.

Kinyesi kulainika kidogo ni kawaida kwa amoksilini, zaidi ile yenye klavulaneti. Mpe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, endelea na chakula na dawa. Mabaka yanayowasha yaliyovimba, midomo au macho kuvimba, au kupumua kwa filimbi baada ya dozi ni mzio. Simamisha dawa, kimbia naye, na ukifika omba iandikwe kwenye kadi yake kwa herufi kubwa ili asipewe tena jamii ya penisilini. Vipele vidogo vilivyojitokeza bila kuwasha navyo vionekane na mtaalamu kabla ya dozi inayofuata.

Kikohozi kinaweza kubaki wiki moja au mbili baada ya nimonia kupona. Hicho hakihitaji antibayotiki nyingine, na hakihitaji kukatwa kimeo. Kukata kimeo hakutibu kikohozi, kunaleta damu kutoka nyingi na vidonda vinavyoingia wadudu. Kikohozi kikipita siku 14, mtoto apimwe kifua kikuu.

Yale ya dukani

Antibayotiki inauzwa kwa cheti, na sababu ipo. Mafua na kuhara maji mara nyingi ni vya virusi, havisikii amoksilini. Kuhara kunataka ORS na zinki, miligramu 20 kila siku kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea, 10 kwa wa chini ya umri huo, kwa siku 10 mpaka 14. Zile kapsuli za rangi mbili, kama za tetrasaikilini, ambazo wazee hufungua na kunyunyizia unga kwenye kidonda, au kumpa mtoto nusu kwa kukadiria kwa jicho, ziacheni. Tetrasaikilini kwa mtoto wa chini ya miaka 8 huacha meno yake na rangi ya kahawia ambayo haitoki, na unga wa kapsuli kwenye kidonda hukausha juu tu, usaha unabaki chini.

Dawa ya huyu isipewe mdogo wake, hata kama anakohoa vile vile. Kilo si zile, na pengine ugonjwa si ule.

Ikibaki baada ya siku zilizoandikwa, kama zile ml 25 kwenye chupa ya 100, ipeleke kituoni wakati mwingine ukienda kliniki. Ukishindwa, imwage kwenye kopo lenye majivu au mchanga, koroga, fukia mbali na kisima. Chupa ibanduliwe lebo, na isitiwe mafuta ya taa. Mtoto aliyekuwa akinyweshwa kitu kitamu kutoka kwenye chupa hiyo wiki nzima ataifungua mwenyewe akiikuta chini ya kitanda.